Somo: jinsi ya kuchagua kitabu cha kujifunzia Linux kabla hujatoa pesa

Kila wiki swali ni lile lile: "Maalim, nataka kuijua Linux sawasawa, ninunue kitabu gani?" Nimelijibu barazani, nimelijibu ndani ya matatu ya Bamburi, nimelijibu hata arusini watu wakisubiri pilau. Leo naliandika mara moja, na atakayeniuliza tena nitamrudisha hapa.

Nazungumzia kitabu kinene, kinachoingia ndani ya Linux kama mfumo endeshi, yaani programu mama inayoendesha kompyuta, na kukaa nawe miaka. Vile vya kukuonyesha mahali pa kubonyeza havihitaji somo.

Hatua ya 1. Jua unasomea nini: kompyuta ya nyumbani, kusimamia sava (kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine) kazini, au mtihani wa cheti.

Hatua ya 2. Jua utatumia Linux ipi. Ubuntu na Debian husakinisha programu kwa apt, Fedora na jamaa za Red Hat kwa dnf. Chukua kitabu cha upande wako.

Hatua ya 3. Kabla ya kufungua sura yoyote, fungua ule ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu, wenye mwaka na haki za kunakili. Hapa ndipo nilipoteleza, kwa hivyo nivumilie niseme kwa urefu.

Nilinunua kitabu cha kurasa zaidi ya 900 kwa muuza vitabu vya mitumba karibu na Mwembe Tayari. Jalada zima, karatasi safi, shilingi 700. Mwaka sikuutazama. Nikakisoma miezi minne, nikakiamini kama mzee wa mtaa. Kisha nikapewa kazi ya kubadilisha anwani ya mtandao ya sava katika ofisi moja ya mawakala wa kutoa mizigo bandarini. Sava ilikuwa Ubuntu 18.04. Kitabu kilisema tumia ifconfig, amri ya zamani ya kupanga mtandao. Mashine ikasema amri hiyo haipo. Badala ya kujiuliza kwa nini haipo, nikaisakinisha. Nikaweka anwani mpya, ikakubali. Ili idumu, nikaiandika katika /etc/network/interfaces, neno kwa neno kama kitabu kilivyoagiza. Mchana kutwa mambo shwari.

Usiku stima ikapotea. Iliporudi, sava ikawaka na anwani yake ya zamani, kwa sababu ile faili niliyoiandika hakuna kilichokuwa kikiisoma. Tangu toleo la 17.10, Ubuntu huweka mipangilio hiyo katika /etc/netplan. Jumamosi asubuhi makarani wamekodoa macho kwenye skrini, hati hazifunguki, madereva wa malori wamejaa mlangoni wakidai karatasi zao. Simu ilinikuta Likoni, na kivuko kilikuwa bado ng'ambo ya pili.

Kitabu hakikusema uongo. Kiliandikwa 2008, kikasema kweli ya 2008.

Kwa hivyo angalia haya, na usione haya muuzaji akikukazia macho. Kwanza, tofautisha chapa na toleo. Kitabu kikichapwa tena mara tano bila kuguswa, karatasi ndiyo mpya, maneno ni yale yale. Unachotafuta ni mwaka wa toleo. Pili, tafuta utangulizi unaotaja mwandishi alijaribia amri zake kwenye mfumo gani. Kwa Ubuntu namba yenyewe inasema: 24.04 ni Aprili 2024. Matoleo ya muda mrefu hutoka kila miaka miwili, na hupewa miaka mitano ya marekebisho ya kawaida. Tatu, nenda kwenye faharasa mwishoni. Tafuta systemctl na journalctl, amri za kusimamia huduma na kusoma kumbukumbu zake. Zote mbili ni za systemd, programu inayowasha mfumo na huduma zake. Debian iliiingia na toleo la 8, Ubuntu na 15.04, zote mbili mwaka 2015. Kitabu cha kusimamia sava kisichokuwa na maneno hayo kinakufundisha kuwasha na kuzima huduma kwa njia iliyokwisha kuhamwa. Onyo: ukikuta ifconfig ina kurasa kumi na amri ya ip, iliyochukua nafasi yake, haimo kabisa, kirudishe mahali pake hata kama bei ni mia.

Hatua ya 4. Pima kina. Unene si kina. Nimeona vitabu vya kurasa 600 ambavyo nusu yake ni picha za skrini. Mimi hufungua sura ya ruhusa za faili, popote nilipo, dakika tano zinatosha. Kila kitabu kitakuambia r ni kusoma, w ni kuandika, x ni kuendesha, na kwamba 755 hutokana na 4, 2 na 1. Hicho ni kiingilio tu. Endelea mbele uone kama mwandishi anaeleza x hufanya nini kwenye folda, kwamba pale maana yake ni kupita na kuingia, huku r ikikuruhusu tu kuona majina yaliyomo. Kisha tafuta hili: faili ambayo huna ruhusa ya kuiandika unaweza kuifuta, ikiwa una ruhusa ya kuandika na kuingia kwenye folda iliyoibeba. Kwa sababu kufuta ni kuondoa jina kwenye folda, na faili yenyewe haiguswi. Mwandishi aliyeeleza hilo na sababu yake, halafu akaonyesha jinsi /tmp, folda ya faili za muda inayotumiwa na wote, inavyojikinga nalo, huyo anaujua mfumo kutoka ndani. Mlipe.

Hatua ya 5. Uwe na mashine ya kuharibu: kompyuta kuukuu, au mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako, kwa programu ya VirtualBox. Usijaribie kazini.

MASWALI

Mwana wa Kisauni: Kaka, nitumie pdf ya kitabu kizuri cha Linux.

Jibu: Hatua ya 1. Cha kufanyia nini?

Mwana wa Kisauni: Chochote tu. Wewe si mtaalamu, taja kimoja tuende.

Jibu: Ndugu yangu, "chochote tu" ndicho nilichonunua mimi Mwembe Tayari. Soma hatua ya 3 kisha urudi na mfumo unaoutumia. Na pdf za wizi situmi. Kuna waandishi wanaovitoa vitabu vyao bure kwa hiari yao. Mfano ni The Debian Administrator's Handbook, kisomwe mtandaoni bila kumdhulumu mtu.

Binti Tudor: Shikamoo maalim. Nina kitabu cha marehemu babangu cha mwaka 1999. Kwa maelezo yako nikitupe? Nimejaribu ls, cp, grep na chmod, zote zimefanya kazi vile vile.

Jibu: Marahaba mwanangu. Usikitupe, na umeuliza swali nililopaswa kulijibu juu huko. Mfumo una tabaka. Amri ulizozitaja zinatoka Unix ya miaka ya 1970, kabla Linus Torvalds hajaanza kerneli yake, yaani kiini cha Linux, mwaka 1991, na hazijabadilika kiasi cha kukupoteza. Ruhusa, kuunganisha amri kwa alama ya |, kuandika skripti ndogo: jifunze kwa kitabu cha babako bila wasiwasi. Kilichohama ni tabaka la juu yake, yaani jinsi mashine inavyowaka, huduma, mtandao na usakinishaji wa programu. Ukifika sura hizo, funga kitabu, fungua kipya. Pengine weka alama ya penseli pembeni kila unapokuta amri isiyofanya kazi. Baada ya mwezi utakuwa na ramani yako mwenyewe ya kilichobadilika.

Binti Tudor: Ahsante sana. Na nisipokuwa na bando, nitajuaje amri mpya ni ipi?

Jibu: Mashine yako imebeba kitabu chake. Andika man na jina la amri. Ndani yake bonyeza / kisha neno unalolitafuta, n kwenda linakofuata, q kutoka. Kama hulijui jina la amri, tumia apropos na neno la Kiingereza la jambo lenyewe. Tena zingatia namba: man passwd hueleza amri ya kubadilisha neno la siri, lakini man 5 passwd hueleza faili ya /etc/passwd ilivyopangwa. Wengi hawaijui hiyo ya pili.

Fundi wa Changamwe: Wateja wangu wote ni Windows 10. Hatua zako hazinisaidii.

Jibu: Zinakusaidia, hukuzisoma. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mwaka na toleo ni yale yale, jina tu ndilo tofauti.

Fundi wa Changamwe: Sawa, usikasirike. Kompyuta zenyewe zinakataa Windows 11, hazina TPM 2.0, ile chipu ya usalama. Ndiyo maana niko hapa.

Jibu: Niwie radhi, nilikurukia. Basi wewe ndiye hasa wa somo hili. Anza na kitabu cha kompyuta ya nyumbani, cha sava baadaye. Tena weka Linux kwenye flashi, iwashe kutoka huko mteja ajaribu printa na sauti kabla hujagusa diski yake.

Mama Nuru: Sisi wa Mji wa Kale vitabu vinaota ukungu. Mnavihifadhije?

Jibu: Bi mkubwa, visimame wima, visibanane, visiegemee ukuta wa upande wa bahari. Kikipata unyevu, kikaushe kivulini penye upepo huku kimefunguliwa. Jua kali hupindisha kurasa na kukausha gundi.

Kijana wa Likoni: Maalim, niko mbele ya muuzaji sasa hivi. Toleo la 2020, kimejaribiwa Ubuntu 20.04, anataka 900. Faharasa ina systemctl na ip.

Jibu: Netplan?

Kijana wa Likoni: Ipo, sura nzima.

Jibu: Sura ya ruhusa, inasemaje kuhusu kufuta faili?

Kijana wa Likoni: Ngoja... "inategemea folda". Ameweka na mchoro.

Jibu: Mpe 700. Akikataa, mpe 900.