Somo: Paka wa Kiajemi kwenye vumbi la Dodoma

Wapendwa, wengi mmeniuliza kuhusu Wingu, paka wangu wa Kiajemi mwenye manyoya marefu na uso bapa. Huu ni mwaka wa nne namfuga hapa Nkuhungu. Kabla hujatoa hela yako, jua kwamba huyu si paka wa kuachiwa ajitafutie panya darini.

Hatua ya 1: Chanuo. Kila siku, dakika 10 hadi 15. Tumia la chuma lenye meno mapana. Anzia kwapani, nyuma ya masikio na tumboni, ndiko manyoya yanakofungana. Upepo wa Julai ukivuma, Wingu akilala barazani nusu saa tu, chanuo linatoka na vumbi jekundu na vijiti vya nyasi. Ukikuta fundo, lishike kwenye shina asivutwe ngozi, ulifumue taratibu kuanzia nchani. Mkasi weka mbali! Ngozi yake nyembamba huingia ndani ya fundo, utamkata. Na mafundo yaishe kabla ya kumwogesha, maana maji huyakaza.

Hatua ya 2: Macho. Kwa ufupi wa uso, njia ya machozi imebanwa, kwa hiyo yanamwagikia mashavuni na kuacha michirizi ya kahawia. Mfute kila asubuhi kwa kitambaa laini chenye maji ya uvuguvugu, kila jicho na upande wake wa kitambaa.

Hatua ya 3: Joto. Oktoba na Novemba abaki ndani, kwenye sakafu yenye ubaridi. Akihema mdomo wazi kama mbwa, mloweshe kwa maji ya kawaida (si ya barafu) na umkimbize kwa daktari wa mifugo.

Chakula mpe kwenye sahani bapa. Bakuli lenye kina linamtesa.

MASWALI

Dada, wangu anakoroma usiku. Ni mgonjwa?
– Kukoroma kidogo ni kawaida kwa pua ile. Akipumua kwa shida akiwa macho, apimwe. Wengine hupanuliwa matundu ya pua kwa upasuaji.

Nikinunua mtoto, niulize nini?
– Uliza figo za wazazi. Kuna ugonjwa wa kurithi unaojaza figo vifuko vya maji. Mzazi mmoja akiwa nao, kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuupata. Kipo kipimo cha vinasaba.

Wangu ana homa tangu jana, nimempa nusu kidonge cha parasetamoli.
– Mdogo wangu, hiyo ni sumu kwa paka, hata kiasi kidogo. Usisubiri dalili, mpeleke kwa daktari sasa hivi na ubebe pakiti ya dawa.

Tumeshapanda bodaboda, dada.
– Nashukuru. Tupe habari mkifika.