Slaidi ya malaria inapoonyesha saratani ya damu: mwongozo kwa wenzangu wa maabara

Kijana mmoja wa mwaloni Kirumba alipimwa malaria mara tatu, sehemu tatu tofauti za Mwanza. Mara zote aliambiwa hana vimelea, na fizi zinaendelea kuvuja damu. Nilipoomba zile slaidi nikaziweka kwenye darubini, ugonjwa ulikuwa umejaa tele. Ndiyo maana naandika haya.

Hatua ya 1. Usitegemee tone nene, lile tone la damu lisilotandazwa la kutafutia vimelea, peke yake. Chembe nyeupe hupoteza sura humo. Tandaza damu nyembamba, slaidi ya kusukumia ukiilaza nyuzi 30 hadi 45. Ikikauka, ichovye kwenye metanoli, kisha ipake rangi ya Giemsa ya asilimia 10 kwa dakika 10 hadi 15. Giemsa ichanganye na maji ya bafa (yaliyodhibitiwa uchachu), si ya bomba.

Hatua ya 2. Kwa lenzi ya 10, tafuta mahali chembe nyekundu zimekaribiana bila kupandana. Hapo weka mafuta, hamia lenzi ya 100.

Hatua ya 3. Hesabu chembe nyeupe 100, na kila moja uiulize: umekomaa? Nyutrofili, aina mojawapo ya chembe nyeupe, ikikomaa ina kiini kilichogawanyika vipande vitatu au vinne, vimeshikana kwa uzi.

Hapa tukae kidogo. Ndani ya uboho, chembe mama ina DNA ileile itakayokuwamo katika watoto wake wote. Kinachoamua nani awe nani ni protini za unukuzi: hushika DNA na kuchagua jeni zipi zisomwe. Mojawapo, GATA1, huvuta kuelekea chembe nyekundu na chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda); nyingine, PU.1 na CEBPA, huvuta kuelekea chembe nyeupe. GATA1 na PU.1 huzuiana, na anayeshinda ndiye anayeamua njia.

Hatua ya 4. Sasa tafuta chembe kubwa, kiini kimekunjika kama mbawa za kipepeo, punje za zambarau zimejaa hadi kukifunika. Nyingine zina vijiti vya Auer, yaani vijiti vyembamba ndani ya chembe, vimelaliana kama tita la kuni. Hizo ni promielositi, chembe nyeupe changa, zilizokwama kabla ya kukomaa; saratani yenyewe huitwa leukemia kali ya promielositi. Kromosomu ya 15 na ya 17 zimebadilishana vipande, jeni ya PML ikaungana na RARA. RARA nayo ni protini ya unukuzi: kwa kawaida hupokea asidi itokanayo na vitamini A, ikafungua jeni za ukomavu. Ikiunganishwa hivi, inazifunga. Chembe haikui, inazaana tu, na kemikali zake zinavuruga ugandaji wa damu. Zile fizi za kijana zilitoka huko.

Hatua ya 5. Usiandike "hakuna vimelea" ukafunga jalada. Mpigie daktari saa hiyohiyo. Asichomwe sindano ya msuli. Apimwe chembe sahani na ugandaji, apelekwe rufaa hospitali ya Bugando. Dawa ya ATRA, ambayo ni ile asidi itokanayo na vitamini A, na ambayo madaktari wa Shanghai walionyesha nguvu yake mwaka 1988, hulazimisha chembe hizo kukomaa, na huanzishwa kwa kushuku tu, majibu ya jeni yakisubiriwa. Ndugu wakiuliza kama maini na karoti vinatosha, waambie hapana. Kiwango kinachohitajika hakipatikani kwenye chakula.

Jina la mgonjwa liandike kwa penseli, maana metanoli hufuta wino. Funga slaidi kwa karatasi laini, mpe ndugu mkononi aondoke nayo.