Jinsi ya kuusoma msimu wa timu ya futiboli ya chuo Marekani

Timu iliyomaliza na ushindi 8 na vipigo 4 inaweza kuwa kali kuliko iliyoshinda 10. Msimamo hauonyeshi hilo. Ratiba ndiyo huonyesha, kwa hiyo ishughulikie kabla mechi hazijaanza mwishoni mwa Agosti.

Andika mechi zote 12 za msimu wa kawaida wa FBS, daraja la juu. Mbele ya kila moja weka: nyumbani au ugenini, mpinzani ni wa konferensi (kundi la vyuo vinavyoshindana pamoja) moja na timu yako au wa nje, na kama anatoka kwenye wiki ya mapumziko. Mpinzani wa FCS, daraja linalofuata chini, mtie alama. Mara nyingi timu kubwa humlipa aje uwanjani kwake, na kumfunga hakuthibitishi kitu. Kufuzu mechi za baada ya msimu, kama Sun Bowl ya El Paso, kwa kawaida kunahitaji ushindi 6, na kati ya hizo wa dhidi ya FCS huhesabiwa mmoja tu. Aliyefunga wawili wa FCS atahitaji 7.

Ratiba za konferensi nazo hazilingani. Big Ten ina timu 18, na kila moja hucheza mechi 9 za ndani, yaani karibu nusu ya wenzake haikutani nao. Kabla ya kusifu ushindi 7 na vipigo 2 vya mtu, tazama ni akina nani hakukutana nao.

Mechi ikiisha, usikimbilie jumla ya yadi. Gawanya yadi kwa idadi ya majaribio, yaani mara ambazo timu ilijaribu kusogeza mpira mbele. Timu iliyopata yadi 420 kwa majaribio 70 ina wastani wa 6. Mpinzani wake aliyepata 390 kwa 60 ana 6.5, na huyo ndiye aliyeshambulia vizuri zaidi. Ukiweza, toa majaribio ya robo ya mwisho pale pengo lilipozidi tachidauni tatu (tachidauni ni kufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani), maana hapo wanaokimbia uwanjani ni wachezaji wa akiba.

Kuna mtego unaowanasa hata wanaofuata ligi ya kulipwa, NFL. Vyuoni, kwotabeki, yaani mrusha pasi anayeongoza mashambulizi, akiangushwa kabla ya kurusha, yadi zilizopotea hutolewa kwenye hesabu ya kukimbia. NFL huzitoa kwenye pasi. Kwotabeki aliyekimbia yadi 60 kisha akaangushwa mara 4 kwa hasara ya 28 ataandikiwa 32 tu. Ukitaka kujua kama ulinzi unazuia mbio kweli, zirudishe hizo 28 na uondoe yale majaribio 4.

Halafu hesabu mambo mawili ya bahati. La kwanza ni mipira iliyoponyoka mikononi: kuusababisha uponyoke ni kazi, lakini nani ataudaka mpira wenye ncha mbili ukidunda ni kama kurusha sarafu. Timu inayoiokota karibu yote Septemba isitegemewe kuendelea hivyo hadi Novemba. La pili ni mechi zilizoamuliwa kwa pointi 8 au chini, kwa sababu tachidauni ya 6 na nyongeza ya 2 zingetosha kusawazisha. Ushindi 5 bila kipigo katika mechi za namna hiyo unapendeza, lakini mimi nisingeujengea matumaini ya mwakani.

Kuhusu orodha za ubora: ya shirika la habari la AP, iliyoanza 1936, ni kura ya wanahabari, nayo haimpeleki mtu kwenye mchujo wa kuwania ubingwa wa taifa. Mchujo uliongezwa kutoka timu 4 hadi 12 katika msimu wa 2024, na wanaopanga ni kamati inayoanza kutoa orodha yake mwanzoni mwa Novemba. Mwaka 2024 na 2025 nafasi 5 zilikuwa za mabingwa wa konferensi walioorodheshwa juu zaidi, 7 za waliobaki. Hivyo orodha ya Septemba ifurahie tu.

Novemba utaona sura mpya. Tangu 2018 mchezaji anaweza kucheza hadi mechi 4 bila kupoteza mwaka mmoja kati ya ile anayoruhusiwa kuchezea chuo, basi makocha huwabakiza chipukizi hadi mwisho. Mechi za Desemba zilizo nje ya mchujo ziandike ukurasa tofauti: wanaoelekea NFL mara nyingi hujitoa, wengine wameshaamua kuhama chuo, na kocha huenda naye ameondoka. Usichanganye wastani wake na wa zile mechi 12.