Nipe mji: mchezo wetu wa kila Alhamisi, Tanga mpaka Muscat na Leicester

Binti yangu mkubwa yuko Muscat, mdogo wake wa kiume yuko Leicester, Uingereza. Mimi niko hapa Tanga, Ngamiani, na cherehani yangu. Zamani tulikuwa tunapigiana simu kila Ijumaa. Wajukuu wananipa shikamoo, naitikia marahaba, nauliza habari za shule, wanasema nzuri, simu inarudi kwa wazazi wao. Dakika mbili hazijafika. Nilikuwa naumia, lakini sikuwalaumu. Mtoto atakuwa na neno gani kwa mtu ambaye hamdai wala hadaiwi naye?

Ndipo nilipokumbuka mji. Sisi utotoni, ukishindwa kitendawili, ulitoa mji. "Kitendawili!" "Tega!" Anatega, unahangaika, unashindwa, anakwambia, "Nipe mji." Unampa Pangani. Naye anaringa: "Nilikwenda Pangani, watu wa Pangani wakanikaribisha vizuri, wakaniuliza jibu, nikawaambia ni nanasi." Mchezo huu ulikuwa wa watu waliokaa jamvi moja. Nikaona sisi tunaokaa miji mitatu ndio unatufaa zaidi.

Kama una wako walioko mbali, anza hivi. Chagua siku moja, na kitendawili kitumwe kwa ujumbe wa sauti, si kwa kupiga simu. Ukipiga simu jibu litatoka hapo hapo, mambo yamekwisha. Ujumbe wa sauti unamwacha mtu anatembea na kitendawili kichwani, anaoga nacho, anakwenda nacho shule. Sisi tunatega Alhamisi, majibu mwisho Jumamosi usiku. Anayetega hubadilishwa kila wiki, na mtoto ana zamu yake kamili sawa na mtu mzima.

Kwenye saa kuweni waangalifu. Mara ya kwanza nilimwandikia mjukuu wangu wa Leicester, "Alhamisi saa 2, usikose." Alikuwa likizo. Saa nane ya mchana kwao, ambayo saa yake inaiita 2, akakaa na simu ya baba yake mapajani, akasubiri mpaka akalala kwenye kochi. Nilipoambiwa nililia. Sasa naandika "baada ya Isha ya Tanga", na kila nyumba imebandika karatasi jikoni: Tanga saa 2 usiku, Muscat saa 3 usiku, Leicester saa 11 jioni. Uingereza wanasogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi, kwa hiyo hapo Leicester inakuwa saa 12 jioni, mpaka Jumapili ya mwisho ya Oktoba inaporudi ilipokuwa.

Vitendawili vya kuanzia viwe vile vya zamani, lakini uangalie mtoto anaishi wapi. Nilitega "Kuku wangu katagia mibani." Wa Muscat alipata baada ya siku moja. Wa Leicester alishindwa kabisa, na alipoambiwa jibu ni nanasi akauliza miba iko wapi. Nanasi analolijua yeye ni lile la kwenye mkebe, limekatwa vipete. Nikamwomba kijana mmoja anipeleke shambani nikapiga picha nanasi likiwa limekaa katikati ya majani yake, nikaingiza na kidole changu apime ukali wa miba. Picha hiyo ameibandika ukutani.

Wakishazoea, waambie watunge vyao. Hapa ndipo utamu ulipo, na hapa ndipo utawajua wajukuu zako. Wa Muscat, mwenye miaka 11, alinitega: "Mtoto wangu hunyonya ukutani." Nilifikiria mjusi, nikafikiria popo. Jumamosi nikakubali kushindwa. Ni simu ikiwa kwenye chaji.

Nikatoa Pangani. Na kwetu mji hautolewi mtupu. Sheria hii nimeitia mimi na nakuomba usiiache: anayeshindwa anautoa mji wake na ushahidi. Kitu kimoja alichokiona huko, kimoja alichokula, sauti moja aliyoisikia, vyote kwa mdomo wake, visichukuliwe kwenye intaneti. Mimi niliwasimulia kivuko cha kwenda Bweni, jinsi nilivyovuka mto Pangani nikiwa na mimba ya binti yangu huyu wa Muscat, samaki wa kukaanga mkononi nimefunga kwenye gazeti. Mwenyewe alikuwa hajawahi kuisikia habari hiyo. Alinipigia usiku ule ule.

Mjukuu wa Leicester aliposhindwa, aliutoa Leicester. Baba yake akampeleka Belgrave Road kutafuta ushahidi. Kuna maduka ya Wahindi pale, na mzee mmoja aliposikia wanaongea akawaambia, "Karibuni, karibuni." Alizaliwa Uganda. Idi Amin alipowafukuza Wahindi mwaka 1972, wengi walifikia Leicester. Basi ushahidi nilioletewa wa mji ule wa baridi ulikuwa sauti ya mzee akizungumza Kiswahili. Nimeuhifadhi.

Miji tunayoshinda tunaiweka kwenye kanga. Kanga ina pindo, ina jina, na pale katikati panaitwa mji. Nilinunua doti mbili za jina moja, "Wema hauozi", zikatoka vipande vinne. Kimoja Muscat, kimoja Leicester, kimoja kwangu, cha nne nimekikunja na karafuu ndani ya sanduku kwa siku tutakayokutana. Ukipata mji, unashona fundo moja la uzi kwenye mji wa kanga yako, rangi ya uzi ni ya yule aliyeutoa. Wangu ni bluu, Muscat nyekundu, Leicester kijani. Kanga mpya ina wanga na rangi yake huchuja, kwa hiyo iloweke kwanza kwenye maji, ifue, ianike kivulini, pinda ncha zake, ndipo uanze kushona. Mtoto mdogo usimpe sindano. Atie nukta kwa kalamu ya wino usiofutika. Usiipeleke kwa posta ukiweza kupata msafiri, maana kanga inayoletwa na mtu aliyekuona inafika na salamu zake.

Lile jina nalo lilileta mazungumzo. Huko Muscat kulikuwa na harusi ya jirani, mjukuu akasikia "baba anamuoza binti yake". Akaja kuniuliza kwa nini wema hauozi, hauna binti? Tulikaa dakika arobaini siku hiyo tukipambanua kuoza kwa embe na kuoza kwa binti.

Kuna wiki mtu atapitiwa. Usimsute. Deni lake linabaki, wiki inayofuata anatoa miji miwili. Mwanangu aliwahi kupitiwa mwezi mzima akiwa na zamu za usiku kazini, na aliporudi alikuwa anatudai na kudaiwa, akapata pa kuanzia.

Juzi Alhamisi zamu ilikuwa ya Leicester. Mjukuu wangu, miaka 9, alianza na shikamoo bibi, shikamoo shangazi, halafu akatega: "Asubuhi ananikumbatia, mchana nambeba." Muscat wameshashindwa, wametoa Nizwa. Mimi nina mpaka leo usiku, na sitaki kutoa Lushoto, maana Lushoto nimeiweka akiba.