Pleteleti zikiwa juu: vile unaweza kuishi nazo hapa Nairobi

Kama umeambiwa uko na pleteleti nyingi na daktari akataja lile jina refu, esensho thrombosaithemia, yaani ugonjwa wa uboho wa mifupa kutengeneza pleteleti kupita kiasi, keti kwanza upumue. Mimi niko nayo mwaka wa tisa na bado napanda matatu asubuhi kama watu wengine.

Hakikisha kwanza ni yenyewe. Pleteleti ni zile chembe za kugandisha damu ukijikata, na kwa karatasi ya hemogramu, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, zinafaa kuwa kati ya 150 na 450, hizo ni maelfu. Sasa ukipungukiwa na madini ya chuma ama ukiwa na maambukizi zinaweza panda kwa muda tu halafu zishuke, kwa hivyo karatasi moja haitoshi. Zangu zilikuwa 870 na kliniki ya kwanza wakaniambia ni stresi, nikapewa dawa ya kichwa nikarudi nyumbani, miezi minane ikapotea hivyo na vidole vya miguu vinachoma usiku kama nimekanyaga makaa. Uliza uonwe na daktari wa damu na uulize kipimo cha mabadiliko kwa jeni inaitwa JAK2, karibu nusu yetu tuko nayo, wengine mabadiliko yako kwa jeni ya CALR au MPL. Na haiambukizi, nasema hivyo manake kuna shangazi alianza kunitengea kikombe changu na iliniuma sana.

Usikae ukiogopa namba peke yake. Chenye kinaumiza ni damu kuganda pahali haifai, kwa ubongo, moyo ama mguu, ndio maana wawili wenye 700 wanaweza kupewa matibabu tofauti kabisa, mmoja ako na miaka 30 na hajawahi ganda damu, mwingine amepita 60. Wengi tunameza aspirini ndogo ya miligramu 75 kila siku, lakini usijianzishie, pleteleti zikipita 1,000 mtu anaweza hata kuvuja damu badala ya kuganda na daktari lazima aangalie hiyo kwanza.

Mwenye hatari kubwa ya kuganda damu huongezewa haidroksiyurea, dawa ya kushusha pleteleti. Kemisti wengi wanaijua kwa sababu ya watu wa sickle cell, lakini nunua kabla chupa iishe, piga simu uulize kabla ya kupanda gari hadi tauni. Usifungue kapsuli, na mwenye mimba asiishike. Wewe mwenyewe ukitaka mtoto, mwanamke ama mwanaume, ongea na daktari mapema kabla ya kuanza kujaribu. Inashusha pia chembe nyeupe, zile za kupigana na maambukizi, kwa hivyo homa ikikupata ukiitumia, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usiseme ni malaria ungoje.

Dawa za maumivu kama Brufen na diclofenac za haraka haraka hapo kwa kemisti achana nazo kama uko kwa aspirini, tumbo linaweza kuvuja damu. Sema uko na nini kabla hawajakupa kitu, hata kwa daktari wa meno. Sigara wacha kabisa, hapo sina maneno ya kulainisha.

Ukisafiri ushago usiku, yale masaa nane ya basi, chukua kiti cha kando ya ile njia ya katikati ya basi, kunywa maji hata kama unaogopa kusumbua dereva asimame, zungusha vifundo vya miguu, na gari likisimama shuka utembee.

Nunua kadaftari. Andika tarehe, pleteleti, hemoglobini, chembe nyeupe, na vile ulijisikia. Pima maabara moja kama unaweza. Madaktari wanabadilika, mafaili yanapotea, kadaftari kangu kamenisaidia kuliko faili yoyote.

Halafu wafunze wenye unaishi nao. Nyuma ya mlango wa jikoni nimebandika karatasi: uso ukipinda upande mmoja, mkono ukikosa nguvu, maneno yakichanganyika, ama kifua kikibana, msinipe maji wala msiite maombi kwanza, tafuteni gari saa hiyo hiyo, na mwambie daktari mlangoni kwamba ni mgonjwa wa pleteleti.