Namna ya Kuchagua Oili ya Mnyororo na Baa ya Msumeno Wako

Ukivuta akseleta ya msumeno wa kukatia miti hadi mwisho, mnyororo hukimbia kwa kasi ya mita 20 hivi kwa sekunde, chuma juu ya chuma, ndani ya mfereji usiofikia hata milimita 2 kwa upana. Mfereji huo umechongwa kwenye ukingo wa baa, yaani ule ulimi mrefu wa chuma ambao mnyororo unauzunguka. Kinachozuia chuma kisile chuma ni utando mwembamba wa oili, basi.

Tofauti na oili ya injini ya gari, hii haizunguki ikarudi ilikotoka. Ikishafika kwenye ncha ya baa hurushwa nje, ikaangukia kwenye maranda, kwenye udongo, na nyingine kwenye nguo na mapafu yako. Kwa hiyo mimi naipima kila oili kwa maswali mawili: je, inanata vya kutosha kufika mwisho wa baa? Na ikishamwagika, inaacha nini nyuma? Hatua zifuatazo zinajibu hayo mawili.

Hatua ya 1: Tenganisha oili mbili za msumeno

Msumeno wa petroli una matangi mawili. Moja ni la petroli iliyochanganywa na oili maalumu ya kuchanganya, mara nyingi kwa kiwango cha 50 kwa 1, sawa na mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. La pili ni la oili ya mnyororo. Tazama alama kwenye vifuniko: cha petroli huwa na picha ya pampu ya mafuta, na cha oili huwa na tone pamoja na mnyororo. Msumeno wa umeme au wa betri una tangi moja tu la oili, lakini oili unaihitaji vilevile.

Oili ya kuchanganya ni nyepesi mno kwa mnyororo. Ya mnyororo nayo haitakiwi kabisa kwenye petroli. Ukikosea ukamwaga petroli kwenye tangi la oili, mwaga yote ujaze upya, usiseme itaisha yenyewe.

Hatua ya 2: Pima kunata kwake

Oili ya mnyororo halisi imetiwa kiambato cha kunata. Ndicho unacholipia. Maandishi ya dumu yanaweza kusema lolote, ila vidole havidanganyi: weka tone moja kati ya kidole gumba na cha shahada, bana, kisha achanisha polepole. Oili nzuri huvuta uzi mwembamba unaorefuka kabla ya kukatika. Oili ya kawaida ya injini hukatika mara moja.

Jaribu pia hivi ukiwa na aina mbili za kulinganisha. Simamisha kipande cha bati safi, dondoshea tone la kila moja juu, uache vitiririke. Ile inayoacha nyuma yake utando mnene ndiyo itakayobaki kwenye mnyororo unapopiga kona ya ncha. Isiyonata itakuwa imerukia kwenye majani kabla haijafika upande wa chini wa baa, na upande huo ndio unaofanya kazi kubwa ya kukata.

Hatua ya 3: Linganisha uzito na hali ya hewa

Oili nzito kupita kiasi hainyonywi na pampu. Nyepesi kupita kiasi hukimbia. Kwenye dumu tafuta namba ya ISO VG, yaani kipimo cha uzito wa oili: namba ikiwa kubwa, oili ni nzito zaidi na hutiririka polepole. Kazi ya kwenye joto huenda vizuri na VG 100 hadi 150. Penye baridi kali shuka hadi 46 au 68. Kama dumu lina namba za SAE, kipimo kingine cha uzito kilichozoeleka kwenye oili za injini, SAE 30 inakaribiana na VG 100.

Usipunguze uzito kwa dizeli, mafuta ya taa au petroli. Vinaondoa ule mnato, vinadhuru mipira ya ndani, na unapata kimiminika kinachowaka karibu na chuma cha moto. Nunua oili nyepesi zaidi.

Hatua ya 4: Ya madini (itokanayo na mafuta ghafi) au ya mimea?

Hapa ndipo pa kufikiri sana, na jibu linategemea unakatia wapi na msumeno wako unapumzika kwa muda gani.

Oili za mimea, nyingi zikiwa za mbegu za rapa, hushika chuma vizuri sana na huoza zikifika kwenye udongo. Kipimo kinachotumika ni OECD 301, jaribio la kimataifa la kuoza kwa kemikali: oili inayoitwa ya kuoza haraka inatakiwa ioze angalau asilimia 60 ndani ya siku 28. Tafuta maelezo ya namna hiyo kwenye lebo. Dumu la kijani lenye picha ya jani si ushahidi wa chochote. Ukikata karibu na mto, kisima au bustani ya matunda, au ukipasua mbao za vyombo vya jikoni, chukua ya mimea bila kusita. Nasema hivyo hata kama bei yake ni kubwa, kwa sababu kila tone unalojaza linabaki pale unapofanyia kazi.

Udhaifu wake ni hewa. Ikikaa miezi ndani ya tangi huganda ikawa kama gundi, pingili za mnyororo zinashikana na pampu inakwama. Kwa hiyo anayekata kila siku hana shida nayo. Anayetoa msumeno stoo mara mbili kwa mwaka afadhali atumie ya madini iliyotengenezwa kwa mnyororo, au akubali kazi ya kusafisha kabla ya kuhifadhi.

Mafuta ya kupikia je? Pampu itayavuta na mnyororo utazunguka. Lakini hayana kiambato cha kunata wala cha kuzuia kuganda, hivyo yanaisha haraka na yanaganda mapema. Ukiyatumia, yasilale kwenye tangi.

Hatua ya 5: Kama huna oili ya mnyororo

Soma kitabu cha msumeno wako. Baadhi ya watengenezaji wanaruhusu oili mpya ya injini kwa dharura, wengine wanataja oili ya gia ya EP 90. Ni ya kukuvusha kazi ya leo, isiwe mazoea.

Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini, ndugu yangu, usiiguse. Najua inapatikana bure na wengi wanaijaza. Ndani yake mna chembe za chuma, masizi na tindikali. Chembe hizo zinasaga pampu na mfereji wa baa, yaani zinafanya kazi ile ile ambayo oili iliwekwa kuizuia. Masizi yanaziba filta. Na ile nyeusi inayokurukia mikononi na usoni ina kemikali ambazo zikigusa ngozi kwa muda mrefu huweza kuleta saratani. Bei ya baa mpya pekee inatosha kukuonyesha kwamba hakuna ulichookoa.

Hatua ya 6: Jaza

Zima injini. Futa maranda kuzunguka kifuniko kabla ya kufungua, maana vumbi litakaloingia litaishia kwenye filta. Jaza petroli na oili kwa wakati mmoja, kila mara. Misumeno mingi imepangwa petroli iishe kabla ya oili. Hivyo petroli ikiisha ukakuta tangi la oili bado limejaa karibu lote, oili haifiki kwenye mnyororo.

Hatua ya 7: Hakikisha inafika

Washa msumeno, achia breki ya mnyororo, elekeza ncha ya baa kwenye kisiki cheupe au kipande cha boksi, umbali wa sentimita 20. Ncha isiguse kitu. Vuta akseleta kiasi cha robo tatu. Ndani ya dakika moja unatakiwa uone mstari wa matone ya oili juu ya kisiki.

Usipouona, zima na uvue baa. Kwangua mfereji kwa bati jembamba, zibua kitundu cha oili kilicho karibu na shina la baa, kisha kagua filta ndani ya tangi. Mara nyingi tatizo ni unga wa mbao uliochanganyika na oili ukashindiliwa kwenye hicho kitundu, na watu wanaishia kulaumu pampu.

Mstari ukiwa hafifu, angalia kama msumeno una skrubu ya kurekebisha oili, mara nyingi huwa upande wa chini. Izungushe kidogo kidogo injini ikiwa imezimwa, kisha jaribu tena. Baa ndefu na mbao ngumu zilizokauka zinahitaji oili zaidi. Misumeno midogo mingi haina skrubu hiyo.

Hatua ya 8: Soma baa baada ya kazi

Kingo za baa zilizogeuka buluu zimeungua kwa kukosa oili. Mnyororo unaolegea mara kwa mara ingawa umeukaza unalika kwenye viungo. Moshi wakati wa kukata unaweza kutokana na oili au na meno butu: tazama kinachotoka. Maranda makubwa yana maana meno ni makali, chunguza oili. Ukiona unga, chukua tupa unoe, kwa sababu kuongeza oili hakutibu meno butu. Geuza baa juu chini kila unaponoa ili ilike pande zote mbili sawa.

Kabla ya kuhifadhi msumeno uliokuwa na oili ya mimea, mwaga tangi, tia kidogo oili ya mnyororo ya madini, uwashe hadi ianze kutoka kwenye mnyororo. Weka boksi chini yake, maana oili kidogo huvuja hata msumeno ukiwa umetulia. Siku ya kuutoa tena, vaa glavu, shika mnyororo uuvute kwa mkono kabla ya kuwasha. Pingili zikiwa ngumu, ulaze mnyororo ndani ya oili safi usiku kucha, usiulazimishe kwa injini.