Fomu W-4 batili: hatua za mwajiri kuanzia siku anayoipokea

Somo hili ni la wenye biashara ndogo Marekani wanaoandaa mishahara wenyewe: huduma za wazee majumbani, malori, migahawa, vituo vya kulea watoto. Linahusu kodi ya mapato ya serikali kuu, ile ya IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani. Fomu W-4 ndiyo anayoijaza mfanyakazi ili mwajiri ajue kodi ya kukata kwenye mshahara wake. Imegawanywa katika Step 1 hadi Step 5, na tutaziita hivyo hivyo ili usihangaike kuzitafuta kwenye karatasi.

Kwanza elewa mpaka wa wajibu wako. IRS haikutaki umchunguze mfanyakazi kama kweli ana watoto watatu, wala huhitaji kuona vyeti vya kuzaliwa. Unatakiwa kuitazama fomu na kusikia alichokuambia alipoikabidhi. Ikiwa batili, huitumii hata kwa malipo ya wiki moja. Wengi huponzwa hapa: wanaendelea na fomu mbovu "kwa muda" wakisubiri nyingine, na muda huo unakuwa miezi. Kodi uliyopaswa kuikata ukaiacha, sheria inakudai wewe.

Hatua ya 1: Ikague akiwa bado yupo mbele yako

Anzia chini, Step 5. Fomu isiyo na saini ni batili, kwa sababu saini ndiyo kiapo chake kwamba anajua akidanganya ataadhibiwa.

Kisha tafuta mkono uliopita pasipotakiwa. Maneno ya fomu yamekatwa kwa kalamu? Mstari wa kiapo umepakwa tipeksi? Ameongeza sentensi pembeni, mfano "msikate zaidi ya dola 40"? Badiliko au nyongeza yoyote isiyoombwa na fomu inaibatilisha yote, hata kama tarakimu nyingine zote ni sahihi. Maandishi machache yanaruhusiwa kwa maelekezo ya IRS yenyewe; mfano mmoja uko kwenye maswali hapa chini.

Halafu kuna kauli. Akikukabidhi fomu huku akisema, "Hawa watoto si wangu, nimewaandika tu nipunguziwe," fomu hiyo ni batili papo hapo. Kauli ya mdomo inatosha, lakini iwe imetolewa kufikia siku ya kukabidhi. Uvumi unaousikia jikoni miezi mitatu baadaye haubatilishi fomu.

Usipokee pia fomu aliyojitengenezea mwenyewe kwenye kompyuta. Mwajiri anaruhusiwa kuwa na fomu mbadala inayofuata masharti ya IRS, mfanyakazi haruhusiwi. Akikuletea ya kwake, mhesabu kama ambaye hajaleta kitu.

Angalia na namba ya Social Security. Ikianza na 9, hiyo ni ITIN (namba ya kodi ya mtu asiye na namba ya Social Security), na haikubaliki mahali pa namba ya Social Security.

Hatua ya 2: Mwambie, na usiitengeneze wewe

Kumwonea huruma mfanyakazi kwa kumfutia kosa ni kumharibia zaidi, maana kiapo ni chake na mkono ni wako. Mpe fomu safi. Ujumbe mfupi wa simu au barua pepe unatosha, ili ubaki na kumbukumbu:

"W-4 uliyoleta tarehe 3 Juni haiwezi kutumika kwa sababu umefuta maneno kwenye Step 5. Tafadhali jaza nyingine. Hadi utakapoileta, tutakata kodi kwa kiwango ambacho IRS imetuelekeza."

Mshahara usiuzuie. Fomu batili inabadilisha kiasi cha makato tu. Siku ya malipo inabaki pale pale.

Hatua ya 3: Chagua kiwango cha kukata

Swali ni moja: je, una W-4 yake ya zamani iliyo halali? Kama ipo, endelea kukata kama ulivyokuwa unakata. Haijalishi ni ya kabla ya 2020, fomu ilipobadilishwa. Za zamani zilizo halali bado zinafanya kazi.

Kama haipo, mkate kama mtu aliyetia alama kisanduku cha kwanza cha Step 1(c), yaani asiye na ndoa au mwenye ndoa anayewasilisha kodi peke yake, na kuacha Step 2, 3 na 4 wazi.

Tofauti yake ni kubwa, na ni vizuri mfanyakazi aione kwa hesabu. Chukua mtu wa dola 1,600 kila wiki mbili, yaani 41,600 kwa mwaka, kwa majedwali ya 2025. Angekuwa na W-4 halali ya wanandoa wanaowasilisha pamoja, Step 2 haina alama na Step 3 ina punguzo la kodi la dola 4,000 za watoto wawili, kodi ya mapato ingekuwa sifuri. Kwa kiwango cha fomu batili:

41,600 − 15,000 (sehemu isiyotozwa kodi) = 26,600
11,925 za kwanza kwa asilimia 10 = 1,192.50
14,675 zilizobaki kwa asilimia 12 = 1,761
Jumla 2,953.50; gawanya kwa malipo 26 ya mwaka = karibu dola 114 kila malipo

Social Security (asilimia 6.2) na Medicare (asilimia 1.45) haziguswi kabisa na W-4. Kwa mtu huyu ni dola 122.40 kwa vyovyote vile. Kuna programu za mishahara ambazo ukibonyeza kisanduku kisicho chake zinaondoa na hizi pia, kwa hiyo itazame slipu ya kwanza kwa macho yako.

Hatua ya 4: Fomu nzuri ikifika

Mfanyakazi mpya, fomu yake ya kwanza inaanza na malipo ya kwanza. Inayochukua nafasi ya nyingine unaweza kuitumia mara moja, lakini usichelewe kupita mwanzo wa kipindi cha kwanza cha malipo kinachoishia siku ya 30 au baada yake. Umeipokea 3 Juni 2025, siku ya 30 ni 3 Julai. Vipindi vyako vinaisha 29 Juni na 13 Julai? Lazima ianze kutumika na kipindi cha 30 Juni hadi 13 Julai.

Hutumi W-4 kwa IRS ila wakikuagiza kwa maandishi. Zitunze angalau miaka 4, na ile batili uiweke pamoja na ujumbe uliomtumia.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, dereva wangu anataka akatwe dola 50 tu kila malipo, basi. Niandike?*

Hapana, kaka. Kodi yote haiwezi kuwekwa kwa kiasi maalumu wala asilimia aliyoichagua. Dola 50 zinaweza kuingia Step 4(c) kama nyongeza juu ya zile zilizokokotolewa.

*Nina mwanafunzi wa viza ya F-1 ameandika "NRA" chini ya Step 4(c). Si maandishi ya ziada hayo?*

Ndio mfano niliousema juu. Kwa mgeni asiye mkazi kikodi, IRS yenyewe ndiyo inayomtaka aandike hivyo, na anatia alama kisanduku cha asiye na ndoa hata kama ameoa. Kosa lingekuwa kudai msamaha wa makato kupitia W-4. Kama anaufuata mkataba wa kodi kati ya nchi yake na Marekani, fomu yake ni 8233.

*Mama mmoja aliomba asikatwe kabisa mwaka jana, mwaka huu hajaleta kitu.*

Msamaha huo huisha. Anatakiwa alete mpya kufikia 15 Februari, na tarehe ikiangukia wikendi au sikukuu inasogea hadi siku ya kazi inayofuata. 2025 ilisogea hadi 18 Februari. Tarehe hiyo ikipita bila kuleta, mkate kwa kiwango cha Hatua ya 3 cha mtu asiye na fomu. Akileta baadaye, itumie kwa malipo yajayo. Yaliyokwisha kukatwa usimrudishie. Atayadai kwenye fomu 1040, ile ya kuwasilisha kodi ya mwaka.

*Nimepata barua 2800C ya IRS inayonipangia kiwango cha mfanyakazi. Kesho yake kaleta W-4 mpya ya kupunguza.*

Dada, kuanzia tarehe iliyotajwa kwenye barua, fuata barua. W-4 inayopunguza makato chini ya kiwango hicho iweke kando, inayoongeza, ifuate. Mpe mfanyakazi nakala yake ya barua ndani ya siku 10 za kazi tangu uipokee. Kama wafanyakazi wako hubadilisha W-4 wenyewe mtandaoni, mfungie njia hiyo leo, maana akijipunguzia huko deni linakuja kwako.

*Na kodi ya jimbo?*

Ni hesabu ya pembeni. Texas na Washington hazikati kodi ya mapato kwenye mishahara. Minnesota ina W-4MN yake, na huko baadhi ya fomu lazima uzitume idara ya mapato ya jimbo, kwa mfano ya anayedai "allowances" (vipunguzo vya makato) zaidi ya 10.